Miguu Kumi na Minne

Alfajiri, Makete, mwezi wa saba. Sakitu
imelala juu ya viazi kama unga uliomwagika,
nami nimejibanza karibu na mafiga
na hadubini ya kuazima:
Mwalimu Tweve ameniapisha niirudishe
kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne.

Chini ya lenzi, mmoja.
Milimita mbili na robo, mweupe kama ukucha wa kichanga.
Alichotwa na tope lake, mita mia tisa chini,
kwenye bahari ya ncha ya kusini ya dunia,
na meli ambayo sijaikanyaga.
Akaja kwa posta hadi Njombe,
kisha juu ya fuso la mbao, ndani ya soksi ya Obeti
ili kichupa kisigonge.

Miguu saba kushoto, saba kulia.
Ya kushoto nimeing'oa kwa sindano, mmoja mmoja,
nikaichora, kifundo kwa kifundo.
Ya kulia haiguswi:
ni ya yule atakayenitilia shaka
miaka hamsini ijayo, aje ahesabu mwenyewe.

Mama anamenya. Hatazami.
"Si yule wa chini ya magogo mabichi,
anayejikunja ukimgusa?"
Ndugu yake, mama. Wa mbali.
"Wa mbali kweli," anasema, anachochea moto.
"Macho?"
Hana. Kule hakuna cha kuona.
"Hakuna cha kuona, au hakuna mwanga?"

Nafuta sentensi.

Naandika upya: *Kichwa kipana, bila macho.
Pingili za kifua saba. Mkia butu.
Hutofautiana na wenzake wote
kwa unywele mmoja juu ya kifundo cha mguu wa kwanza.*
Namsomea.
"Unywele?"
Unywele.
"Miaka tisa ya ada, mwanangu. Unywele."
Kisha anageuza kiazi mkononi, anakigeuza tena,
kidole gumba kikipapasa jicho lililozama,
jicho ambalo mimi nisingeliona,
anakitupa kwenye debe la mbegu, si kwenye sufuria.
Hasemi kitu. Hana haja.

Nampindua mdudu chali ili nichore tumbo.
Kati ya miguu, vijisahani vyembamba vimepandiana
kama viganja vilivyofumbwa,
na ndani yake
duara, duara, duara.
Nahesabu mara tatu. Kumi na moja.

Mama, ana mayai.

Kisu kinasimama.
Anafuta mikono kwenye khanga, anakuja, anainama.
"Naona kope zangu tu."
Usibanie. Sogea nyuma kidogo.
"Naona ... aa."
Anakaa pale muda mrefu kuliko nilivyodhani mgongo wake ungeruhusu.
"Walimchota hivi hivi?"
Hivi hivi.
"Na wewe ukamkata miguu."
Ya upande mmoja.
Anarudi kwenye kigoda chake.
"Sogeza hicho kichupa. Spiriti na moto havijuani."

Nilikuwa nimepanga kumpa jina lako, namwambia.
Ingechapishwa. Ingedumu.
"Langu usimpe. Langu nalitumia bado."
Anapuliza jivu.
"Mpe la kilichomlea."

Kwa hiyo nakata kikaratasi, upana wa punje ya mahindi,
naandika kwa penseli, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti
na risasi ya penseli hubaki:
*jike, mayai 11, m 900*,
halafu, herufi ndogo, *sakitu*,
neno ambalo huko mbali watalikosea matamshi
na watalazimika kuuliza.

Jua limepanda kilima. Mama ametoka
kuangalia shamba, amerudi na ubichi kwenye pindo,
jani moja jeusi mkononi.
"Mistari minne ya juu imeungua," anasema.
Anaketi. Anachukua kisu.
"Mwenzio umemfunika?"