Mzani wa Kuazima

Andalio langu la somo lilikuwa safi:
lengo mahsusi, zana, hatua, tathmini,
na jibu nimeshaliandika kwa wino mwekundu
kabla hata dagaa hawajatoka majini.

Nilisema: mchanga utashinda.
Saa saba mchanga wa Kibirizi unachoma nyayo,
maji yatawakimbia dagaa kama mdaiwa.
Darasa la Sita, themanini na saba, wakaandika: mchanga.
Mwalimu kasema.

Mzani tuliuazima kwa Mama Bitaliho, mchuuzi,
kwa sharti urudi kabla ya magharibi
na tusiuchokonoe kwa chini.
Sikuuliza kwa nini.
Hilo ni somo la siku nyingine.

Kilo moja mchangani.
Kilo moja juu ya jiwe.
Kilo moja kwenye kichanja cha wavu mkuukuu.
Hamimu, ambaye Hisabati haijawahi kumpa zaidi ya kumi na mbili,
aliupokea mzani kwa mikono miwili
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga,
akasoma gramu, akasoma tena,
akamkemea aliyepumua karibu.

Saa nne. Saa tano.
Kunguru akachukua watatu pale juu ya jiwe.
Tuliandika pembeni: kunguru, watatu,
maana hata mwizi ni takwimu.

Saa nane mchana
mchanga: mia sita na kumi.
Jiwe: mia tano na tano.
Kichanja: mia tatu na themanini.

Wakanigeukia, macho mia moja sabini na manne.
"Mwalimu, mbona mchanga ndio wa moto?"
Nikatafuta kitabuni. Kitabu kilisema: taja.
Nikapapasa chaki mfukoni, kana kwamba jibu limo humo.
Kisha likanitoka neno ambalo chuo cha ualimu hakikunipa,
neno la silabi tatu:
sijui.

Mawimbi yakasikika,
kama nayo yalikuwa yakingoja zamu ya kunyoosha mkono.

Tausi akaanza: "Mchanga umewaganda, tumeupima na wenyewe."
Akawakung'uta. Zikapungua gramu arobaini.
Hazikutosha.
Hamimu akasema: "Jiwe halina mchanga, na bado limeshindwa."
Wakabishana mpaka nikasahau kuwanyamazisha.

Aliyefungua ni Sikujua
(msinicheke, ndilo jina lake kwenye rejista).
Akasema taratibu, kama anayeanua nguo:
"Kanga nikiikunja, haikauki.
Nikiitandaza kwenye nyasi, inakauka upande.
Nikiianika kambani, upepo unapita huku na huku."
Akaingiza mkono chini ya kichanja,
vidole vikacheza hewani kati ya matone ya mwisho.
"Mchangani upepo una mlango mmoja."

Nimefundisha uvukizaji miaka kumi na moja.
Sikuwahi kuupa mlango.

Grafu tuliichora kwa mkaa
kwenye ukuta wa choo cha walimu, ndio pekee wenye chokaa:
mstari wa kichanja unateremka
kama barabara ya kutoka Mwanga kwenda stesheni,
wa mchanga unajikokota nyuma, umebeba mzigo.
Mthibiti ubora alipokuja akauliza nani kachafua ukuta.
Hamimu akamweleza mteremko,
akamwonyesha na kunguru.
Mgeni akavaa miwani.

Mtihani utauliza: taja njia tatu za kuhifadhi samaki.
Watataja.
Nami nitawafundisha kutaja, sidanganyi,
hakuna aliyeingia sekondari kwa mkaa wa ukutani.

Lakini jana, mzani umesharudi kwa mwenyewe
na mikono yetu bado inanuka ziwa,
Hamimu alinifuata mpaka getini:
"Mwalimu, na usiku je?
Jua hakuna, lakini upepo upo."

Nikamjibu kwa neno lile lile.
Safari hii halikunikwama kooni.
Akaondoka mbio
kwenda kuomba wavu.