Kichupa Kwenye Friji ya Malai

Faki kaleta kichupa kutoka Maskati,
kifupi kama kidole cha mtoto,
unga mweupe umekaa chini
mithili ya chumvi iliyosahauliwa.
"Peptidi," kasema simuni, neno likimkwama,
"vipande vya protini, dada, mwili unavijua.
Vinaziba kidonda, vinaamsha kinga,
vinarudisha nyuma saa ya mtu."

Mimi muuguzi, Wete, mwaka wa kumi na tisa wodini.
Karatasi yake nimeisoma mara tatu.
Panya walipona, imeandikwa.
Kuhusu Bi Mize, miaka sabini na nne, ana sukari,
kidonda cha kidole gumba tangu Mfungo Sita,
karatasi imenyamaza.

Kinataka baridi. Nikakipeleka kwa Time,
kikalala baina ya malai ya ukwaju na ya ubuyu,
kimeviringishwa gazeti, kimeandikwa USIUZE.
Jumatatu umeme ukaenda zake adhuhuri, ukarudi alfajiri.
Malai yakawa maji, watoto wakayanywa bure.
Kichupa kikatoka jasho kama mwenye homa.
Sasa ni dawa, au ilikuwa dawa?

Nikimsafisha, mama hutazama pazia.
"Hiyo ya Faki yarudisha ujana?"
"Ndivyo asemavyo."
"Ujana upi?"
Nikakamua pamba.
"Ule wa ishirini na moja, nilipomzika Salha hajatimiza arubaini?
Au wa thelathini, babako kenda Tanga kununua bati,
bati likaja?
Mwambie akae nao.
Mie nataka kidole tu. Kikunjike, kielekee kibla,
nisujudu kama watu,
nikuondoshee hicho kiti chako cha plastiki."

Usiku ule nikafungua daftari langu la chuo,
kurasa zina harufu ya kombamwiko.
Insulini: mnyororo wa shanga hamsini na moja.
Hazitimii tasbihi.
Kumbe naye ni wa ukoo huohuo,
huyu ninayemchoma mama kila asubuhi tumboni,
anayelalamikia sindano na kuomba chai.
Miaka minane mgeni yumo nyumbani,
hajaahidi ujana, hajaahidi kitu,
anafungua mlango tu, sukari iingie inakotakiwa.

Basi nikaacha kutafuta muujiza, nikatafuta mizani.
Nikapima wali wake kwa kikombe.
Akanuna siku nne.

Leo ukingoni mwa kidonda
pana wekundu mbichi, haufiki punje ya mtama.
"Kinawasha," kasema, kama anayeshitaki mtu.
"Kiache kiwashe, mama."

Faki nimemwandikia: tuma viatu laini,
namba thelathini na nane, vipana mbele.
Kakasirika kidogo. Atatuma.

Kichupa kingali kwa Time.
Jana kuna mtoto kauliza bei.