Upande wa Kushoto

Miaka thelathini na minane baba yangu, Jumberi,
aliwasugua wanaume wa Tbilisi chini ya kuba la matofali,
katika maji ya moto ya salfa yanayonuka yai viza.
Glavu yake ya manyoya ya mbuzi ilikwaruza kama ulimi wa paka.
Ngozi iliyokufa ilitoka kwa nyuzinyuzi za kijivu
naye humwonyesha mteja, kwa fahari:
"Tazama ulichokuwa unatembea nacho."

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Mimi sikuvukuta. Upande wa wanaume, binti haingii.
Nilikwenda shule.
Nina vyeti vitano ukutani, kimoja kina muhuri wa dhahabu:
kukanda kwa mafuta, Kiswidi, mikono ikielekea moyoni;
kuminya nyayo, ambako wanasema ini lina mlango wake
na figo ina wake;
mawe ya moto; kuumika kwa vikombe vya kioo
vinavyoacha mgongo na madoa ya zambarau;
na ule wa Kithai, unampanda mtu kwa magoti
kama unaparamia ukuta wa jirani.
Baba alisikiliza yote. Akauliza,
"Na uchafu unakwenda wapi?"

Februari damu ikaziba njia kichwani mwake.
Mkono wa kushoto, uliogeuza mabondia
kama samaki kikaangoni,
ukakaa juu ya shuka
kama kitu alichosahau mgeni.

Nikaleta elimu yangu yote kitandani.
Mafuta ya lozi. Nyayo. Mawe, tena vuguvugu tu,
maana asiyesikia moto huungua kimya.
"Unasikia?"
"Nakusikia unavyohema."
Daktari Lamara alisema subira.
Subira kila mtu alikuwa nayo ya kunigawia, bure.

Siku moja ya Aprili, kwa nusu ya kinywa:
"Glavu."
Ilikuwa nyuma ya mlango wa bafu, imekakamaa.
Nikailoweka. Nikamwambia ngozi hii haina habari,
nitakuchubua bila wewe kujua.
"Usibembeleze," akasema. "Vuta toka begani.
Mara moja, ndefu. Hapana. Unapaka siagi.
Ndefu."

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja
na ndiyo kwanza ananifundisha kazi.

Nikavuta. Zikaja zile nyuzi za kijivu,
miezi miwili ya kitanda, zikijisokota mkononi mwake,
na chini yake ngozi nyekundu, changa.

"Onyesha."

Nikaziweka kwenye kiganja changu, karibu na jicho lake.
Akazitazama muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.
Mkono wenyewe haukutikisika. Sitasema ulitikisika.

Nje mtu aliburuta ngazi. Maji yalikuwa yanapoa beseni.
"Kesho," akasema, "usitumie kiwiko."