Asiyeandikishwa

Kabla sijasimamia kura, kura iliniangukia mimi.
Huko mji mkuu walichopoa mwezi mmoja, Novemba,
na herufi moja, Z,
barua ikapanda mlima hadi Atecoxco
kwangu mimi, Refugio Zempoalteca, mshona sare za shule,
ambaye hata michango ya harusi sijawahi kukabidhiwa.
"Utakuwa mwenyekiti wa meza. Safari hii mtahesabu wenyewe."

Baba aliigeuza barua upande huu, upande ule,
kama mtu aliyeuziwa nyama asiyoiamini.

Miaka thelathini na moja sanduku lilikuwa lake.
La msonobari, rangi ya kijani, kufuli la shaba.
Mkesha wa uchaguzi lililala chini ya kitanda chake
na alfajiri liliamka limeshiba.
Nasi tulishiba: saruji, maharage,
kuku wawili waliofungwa miguu kwa utepe wa Chama.
Sikatai. Bati la mwaka ule
ndilo linalonisitiri mvua ninapoandika haya.

Sheria mpya ilikuja na vyombo vyake:
sanduku la plastiki linaloonekana hadi tumboni,
pazia, wino wa kidole gumba, kadi yenye picha,
na daftari lililofuliwa likatakata.
Wakafutwa waliohama. Wakafutwa waliojirudia.
Wakafutwa waliokufa.

Mama alikufa kwa homa ya mapafu nikiwa na miaka minane.
Tangu hapo alipiga kura mara saba,
hata mwaka wa mafuriko, walio hai waliposhindwa kufika.

"Mmemuua," baba aliniambia.
Hakuwa akitania.
"Karatasi yake niliitia alama mimi,
nikaikunja mara nne, alivyokuwa akikunja leso.
Karani anaita jina lake mbele za watu,
nami naitika: yupo.
Sasa nani atamwita?"

Nilikuwa na kijitabu cha mafunzo, kurasa arobaini.
Nilikipekua usiku kucha.
Ukurasa huo haukuwemo.

Jumapili alikuja saa nne, kofia mkononi,
akapanga foleni, jambo asilolijua.
Nikakishika kidole gumba cha baba yangu nikakipaka wino.
Akaninong'oneza, "Niweke wapi?"
Wakala wa Chama akakohoa.
Wakala wa upinzani naye akakohoa.
"Siruhusiwi kukuambia, bwana," nikasema.
Bwana! Baba yangu mzazi.

Pazia likamfunika hadi magotini.
Viatu vyake vikasimama pale muda mrefu,
cha kushoto kikikanyaga cha kulia.

Usiku radi ilikata umeme, tukahesabu kwa karabai.
Chama kilishinda mezani petu kwa kura kumi na nne.
Ndiyo, kilishinda; aliyetarajia shairi jingine anisamehe.
Lakini kumi na nne!
Wakala wake alizirudia mara mbili, jasho likimtoka,
kama mwenye duka aliyezoea kupima kwa macho
na leo kaletewa mizani.

Ikabaki karatasi moja, imekunjwa mara nne.
Nembo zote safi, hazijaguswa.
Chini kabisa, kwenye mstari mtupu
wa mgombea asiyeandikishwa,
herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika
majina mawili tu maishani,
Z ikitazama nyuma:
EULALIA CUAMATZI.

"Imeharibika," akasema mmoja.
"Huyo ni nani?" akauliza kijana wa upinzani, mgeni wa bondeni.

Nikafungua kijitabu. Ukurasa huu ulikuwemo.
Nikasimama, nikaliita jina kwa sauti, kama kanuni itakavyo,
mbele ya watu tisa na wadudu wa taa,
mlango ukiwa wazi, na nje, gizani,
mtu mmoja aliyekuwa bado hajaenda kulala.

Kisha nikajaza fomu, kwa tarakimu na kwa maneno:
asiyeandikishwa, 1.
Moja.