Inadaiwa

Barua imefika Mbale siku ya soko,
imekunjwa mara tatu, muhuri wa zambarau:
Inadaiwa kwamba Bi. Rasoa Mmbone Agesa,
tarehe kumi na nne, saa tisa na robo alasiri,
katika makutano ya Chavakali,
aligonga taa ya nyuma ya gari la Bw. Kisiangani.

Inadaiwa.
Miaka ishirini na mitatu naliandika neno hili ubaoni.
Kauli ya kutendwa, nawaambia watoto,
hutumika mtenda asipojulikana,
au akijulikana lakini hatakiwi kutajwa.
Sikuwahi kuwaambia kwamba neno lina meno.

Nilikuwa nimesimama. Hilo naliapa.
Mvua yetu, ile ijayo kwa saa yake kama karani,
ilikuwa imefunga kioo.
Nimeshusha dirisha inchi mbili nimpe Jerida
shilingi hamsini za ndizi,
ndipo kiganja kikapiga boneti yangu:
"Mama, umenivunjia!"

Mimi? Lini?
Ni yeye aliyerudi kinyumenyume, au ni mimi niliyesonga?
Polisi aliandika yote mawili katika kitabu kimoja,
akatupa nambari moja,
akatuaga kama maharusi.

Nimepima. Msiseme sikupima.
Kwa futi kamba ya fundi cherehani, nimechutama topeni:
bampa yangu, inchi kumi na tisa kutoka chini;
taa yake, ishirini na saba.
Ili nimvunjie, ilibidi gari langu liruke.
Starlet hii, ambayo kilima cha Mungoma hukipanda kwa maombi!
Nikaandika vipimo, nikatuma.
Wakajibu: Tumepokea.

Kisumu, ghorofa ya tatu, kijana mwenye tai nyembamba
alinigeuzia kompyuta nijionee.
AJALI. Ndiyo. Hapana.
"Na labda?"
"Labda haina kisanduku, mwalimu.
Mpaka kesi iamuliwe, mfumo unasoma ndiyo."
Punguzo la miaka kumi na mmoja bila kudai hata senti
likayeyuka nikiliangalia,
ada ikapanda kwa elfu tisa,
na kampuni ya ng'ambo ya barabara
ilikuwa tayari imelisikia jina langu.

Inadaiwa. Nadaiwa.
Irabu moja imedondoka mwanzoni,
na tayari ni mimi, na tayari ni pesa.

Usiku huja swali ambalo futi kamba hailifikii.
Ule mshindo mdogo ndani ya mvua,
nilioudhani ni ndizi zimeanguka kitini.
Jerida akiulizwa huzipanga upya ndizi zake:
"Mwalimu, mimi nilikuwa nahesabu chenji."

Jumatatu niliandika ubaoni:
Geuza iwe kauli ya kutenda.
Inadaiwa mwalimu aligonga gari.
Thelathini na wanane waliandika: Watu wanadai.
Kadenge, kama kawaida yake: Mwalimu anadai.
Ayuma, kule nyuma dirishani, aliacha mstari mtupu
na nukta mwishoni.
Nikampa mbili juu ya mbili.

Kibandiko kipya nimekibandika leo,
kimepinda kidogo upande wa kushoto.
Chavakali sisimami tena.
Ndizi nanunua Majengo.