Mstari wa Tatu

Jumber alileta majani ndani ya mfuko wa mkate,
majani sita, mawili yameshaanza kukunjamana,
akayaweka mezani kama anayeweka saa rehani.
"Mzabibu wa babu," alisema. "Ulijificha nyuma ya zizi
miaka ile walipong'oa mizabibu kilima kwa kilima.
Baba aliapa, hadi anakata roho aliapa,
kwamba huu si ule unaouona kila mahali.
Wewe una mashine. Iulize."

Hapa Telavi, ikifika Oktoba,
kila mtu ana mikono ya zambarau isipokuwa mimi.
Yangu imevaa glavu za bluu.
Niliyaponda majani kwenye barafu, nikayaosha, nikayazungusha,
nikabaki na tone la kitu kisicho na rangi,
nikalitia kwenye kishimo cha jeli, pumzi nimeibana,
maana mkono wa miaka hamsini na minane hautaki mzaha.
Nikawasha umeme. Vinasaba vikashika njia,
vifupi vikitangulia, virefu vikikokota miguu.
Saa moja na nusu. Nikanywa chai. Nikaosha kikombe.
Nikampigia mwanangu, hakupokea.

Zamani tulikuwa na kamera iliyofungwa juu ya faneli ya bati.
Picha ilitoka yenyewe, ukaipunga hewani ikauke,
na mlinzi wa usiku, kule dirishani,
akadhani unampungia yeye, akakupungia.
Sasa ni kisanduku.
Mlango wake hujifunga kwa sauti ya friji ghali,
ndani giza, na chini ya kioo miale ya urujuanimno,
nuru inayoonyesha kila kitu
na yenyewe haitaki kutazamwa.

Skrini ikawaka.
Kushoto, ngazi: kila kidato kinajua kipimo chake.
Pembeni yake mzabibu wa kawaida, ule wa kila kilima:
mistari miwili.
Kisha wa Jumber.
Miwili.
Pale pale. Ungelaza rula, unywele usingepita.

Nikangoja, kana kwamba picha ni mtu mwenye haya
atakayemalizia maneno yake ukinyamaza vya kutosha.

Sasa nikuambie habari ya kitelezi.
Kiko chini ya skrini, ni cha mng'ao.
Ukikivuta kulia, weusi unageuka kijivu,
na ndani ya kijivu vitu vinaanza kuota:
ukungu, vumbi, alama ya kidole changu mwenyewe,
na juu kidogo ya mstari wa pili,
kitu.
Nilikiona. Naapa na mimi, kama baba yake Jumber.
Kijistari chembamba kama ukucha wa kichanga,
kinakuja, kinakwenda.
Nikivuta, kinanenepa.
Nikivuta tena, hata wewe ungekiona,
ungekipa jina, ungekiandikia makala.

Nikahamisha jicho hadi njia ya mwisho,
ile niliyotia maji matupu, ya kujipima.
Nayo ina mstari wa tatu.

Basi.
Nikarudisha kitelezi mahali pake,
giza likarudi kuwa giza.

Nikachapa picha kwenye ile karatasi nyembamba, ya kung'aa,
inayopauka ukiisahau kwenye kioo cha gari.
Asubuhi akaja na tope la shambani, nyuki mmoja anamfuata.
Aliishika kwa pembe. Hakuuliza wake ni upi,
alihesabu tu kwa midomo: miwili, miwili.

"Yaani ni ule ule."

"Ni ule ule."

"Baba alilala zizini siku tatu kuulinda,
na theluji ilikuwa inaanguka."

Sikuwa na jibu. Katika fomu yangu
hakuna safu ya theluji.
Akaikunja picha, nami nikamkataza, hazikunjwi zile,
akaitia ndani ya kofia, akavaa.
Aliniachia chupa isiyo na lebo,
kizibo kimefungwa kwa kitambaa cha shati.
Nimeiweka juu ya kisanduku,
mahali ambapo hairuhusiwi kuweka kitu.