Kijiwe cha Mgebuka

Bitariho wa maabara hanunui minofu,
anataka vichwa tu.
Nikamwuliza kama anafuga paka.
Akacheka, akapasua kimoja palepale, meza yangu ya Kibirizi,
akachokoa kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele.

"Kinaliwa?"
"Hapana."
"Dawa?"
"Wala si dawa."
"Sasa serikali inakulipa kwa lipi?"
"Kwa kuuliza, mama. Na mwezi huu haijalipa."

Akanipa kioo chake cha kukuzia.
Nikaona miduara, mmoja ndani ya mwingine,
kama ya ziwa ukidondosha kokoto,
ila hii imeganda.
"Hesabu. Ndio umri wake."

Nikahesabu, nikapotea, nikaanza tena.
Wateja wakanung'unika. Wangojee.

Mama yangu tulimzika Ujiji bila tarehe ya kuzaliwa;
kwenye cheti waliandika "takriban".
Na huyu mgebuka, ninayemuuza miaka yote kwa fungu,
kumbe alitembea na daftari sikioni.

Kila Jumanne naweka vichwa vitatu kando,
juu ya jani la mgomba.
Akiuliza bei
namwambia alete kioo.